Wanyama Wanenao na Maswali ya Msomaji: Historia Fupi ya Ngano Katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Ulimwengu wa wanyama wanenao ni miongoni mwa milki kongwe za fasihi ya Kiswahili, lakini pia ni miongoni mwa zile zilizohakikiwa kwa haraka. Mwanafunzi wa Msambweni au Diani anapouliza ni vipi papa alisadiki kwamba kima ameuacha moyo wake juu ya mti, aghalabu hujibiwa kuwa wanyama wa ngano wanawakilisha watu, na kwamba la muhimu ni funzo. Jibu hilo huufunga mjadala bila ya kuligusa swali. Mwanafunzi hakuuliza papa ni nani katika jamii. Aliuliza papa anajua nini, na ulimwengu anamoishi unaendeshwa kwa kanuni zipi.

Makala haya yanadai kwamba maswali ya namna hii si ya kitoto, na wala si ya kupuuzwa na mhakiki. Kila mojawapo lina historia. Yalipokuwa yakiulizwa mbele ya fanani, yalikuwa sehemu ya utendaji wenyewe, na jibu lilipatikana katika sauti, ishara au ngano ya pili. Ngano zilipohamishwa kutoka kinywani hadi kitabuni, fanani aliachwa nyuma, na maswali yakabaki bila ya mwenyewe. Pwani ya kusini ya Kenya, yaani eneo la Kwale kuanzia Diani na Msambweni hadi Wasini na Vanga, inafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Kiswahili, Kichifundi, Kivumba, Chidigo na Chiduruma hukutana katika masimulizi ya jamii zilizo jirani. Pili, wanyama wenyewe, kima, mbega na papa, bado ni majirani wa wasimulizi.

Kutoka Kinywani Hadi Kitabuni

Mkusanyo ulioweka msingi wa ngano za Kiswahili katika maandishi ni ule wa Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha Swahili Tales huko London mwaka 1870. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1901, George W. Bateman alitoa Zanzibar Tales kwa Kiingereza. Baina ya hao wawili, Wajerumani C. G. Büttner na Carl Velten nao walikusanya masimulizi. Mkusanyo wa Velten ulitoka mwaka 1898. Kwa hiyo, kabla ya karne ya 19 kwisha, ngano za pwani zilikuwa tayari zimekwisha kuingia katika maktaba za Ulaya.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba mikusanyo iliyopata umaarufu zaidi ilitoka Unguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, ngano za Unguja zilikuwa na faida maradufu: zilikuwa zimeandikwa, na zilikuwa katika lahaja iliyotakiwa. Pwani ya kusini ya Kenya iliingia katika maandishi kwa mlango mwingine. A. C. Hollis aliandika juu ya historia ya Vumba mwaka 1900, Alice Werner aliandika juu ya makabila ya Kibantu ya pwani mwaka 1915, naye H. E. Lambert alichapisha tafiti zake za Kivumba mwaka 1957 na Kichifundi mwaka 1958. Hollis alitafuta nasaba na tawala, na Lambert alitafuta sarufi ya lahaja. Ngano haikuwa shabaha yao kuu.

La pili ni kwamba mkusanyaji wa karne ya 19 alitaka matini, si tukio. Aliandika maneno ya fanani lakini hakuandika maneno ya hadhira. Msomaji wa leo anakutana na hadithi iliyo wima peke yake, kana kwamba haikuwahi kukatizwa na mtoto aliyeuliza, “Ikawaje?” Ilichukua muda mrefu kabla ya wataalamu kulitilia mkazo jambo hili. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji si pambo la matini bali ni sehemu ya kuwapo kwake. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wito wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulikuwa umekwisha kuitaka fasihi simulizi ipewe nafasi ya katikati katika masomo. Hata hivyo, kilichoingia darasani kwa wingi kilikuwa bado ni matini iliyochapishwa, pamoja na orodha ya sifa za wahusika.

Swali la Kwanza: Je, Wanyama Hawa ni Watu?

Hili ndilo swali ambalo wahakiki wengi hudhani wamelimaliza. Lakini yafaa kutofautisha tanzu ambazo huchanganywa. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell iliyotolewa Nairobi mwaka 1967, mnyama ni vazi la mtu. Msomaji anaalikwa alivue vazi hilo na kumtambua mtawala, mfuasi na mhanga. Huo ni usomaji wa kiistiara, na kwa kitabu hicho unafaa. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, hali ni tofauti tena: Hasidi na Mwivu ni watu waliogeuzwa manyani kwa sababu ya uovu wao, na mateso yao yana maana kwa kuwa ndani ya mwili wa nyani mna nafsi ya mtu. Humo unyama ni adhabu.

Ngano ya kima na papa haifuati njia yoyote katika hizo mbili. Kima hukaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akimtupia papa matunda, urafiki unazaliwa, papa anamwalika rafikiye kwao na kumbeba mgongoni, wakiwa katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba makima huacha mioyo yao mitini wanapotoka, na papa anamrudisha pwani. Hila hii inafaulu kwa sababu papa ni papa. Hajawahi kupanda mti, wala hajui desturi za nchi kavu. Kima naye yumo hatarini kwa sababu ni kima, asiyeweza kuogelea arudi. Wangalikuwa watu waliovishwa ngozi, uongo huo usingalisadikika hata kidogo.

Hapa inajitokeza kanuni inayofaa kuwekwa wazi: katika ngano, ulimi ni wa mtu lakini mwili ni wa mnyama. Wanyama hukopeshwa lugha, masultani, waganga na adabu za ugeni. Hawakopeshwi mapezi wala mikono wasiyokuwa nayo. Ni kweli kwamba kanuni hii ina mianya. Katika kisa cha Goso mwalimu, kama kilivyosimuliwa na Bateman, ni paa aliyepanda mbuyu kuiba matunda na kumwangushia mwalimu buyu la kumwua. Paa hapandi miti. Lakini kisa hicho ni cha mnyororo, ambamo wanafunzi wanamtafuta mwuaji kutoka kwa upepo wa kusi hadi ukutani, kwa panya, paka, kamba, kisu, moto, maji na ng’ombe, na kila mmoja anamtaja aliye na nguvu kumshinda. Mahali ambapo ukuta na maji vinajitetea kwa hoja, mwili wa paa hauwezi kudaiwa uaminifu. Kwa hiyo msomaji anayeshtushwa na paa juu ya mbuyu, lakini asishtushwe na papa anayesadiki uongo wa kima, amekwisha kuzihisi kanuni za tanzu mbili kabla hajafunzwa majina yake.

Njia ya kisa cha kima na papa kufika pwani inaitia nguvu hoja hii. Katika Panchatantra ya Wahindi, anayemsaliti kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ni kobe wa majini. Katika zote mbili mgonjwa ni mke wa msaliti. Katika ngano ya Kiswahili mamba na kobe wameondoka na papa ameingia, na mke amempisha sultani. Badiliko la kwanza ni la mazingira: kwa wavuvi wa Gazi, Msambweni na Funzi, hatari ya majini haina sura nyingine iliyo dhahiri zaidi. Badiliko la pili ni la siasa. Mke anapougua, msaliti anachagua kati ya mapenzi mawili. Sultani anapougua, papa anatekeleza amri. Swali la iwapo papa ni mwovu, ambalo wasomaji hulirudia, limezaliwa na badiliko hili. Papa wa Kiswahili anamwambia kima ukweli kabla ya kufika, jambo ambalo mtumishi mkatili hakulazimika kulifanya.

Swali la Pili: Nani Ananena, na Nani Anasikia?

Msomaji makini hugundua kwamba wanyama hawaneni kwa namna moja katika ngano zote. Zipo namna tatu, nazo hazina budi kutenganishwa.

Namna ya kwanza ni ile ya wanyama kwa wanyama. Sungura anapozungumza na fisi au simba, hakuna anayestaajabu, na binadamu, kama yupo, yuko pembeni: ni mwenye shamba au mwenye asali. Namna ya pili ni ya mnyama anayezungumza na mtu. Katika hadithi ya Sultani Darai, maskini Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani atafute punje za mtama, anamnunua paa kwa kisarafu alichookota. Paa anapomsemesha, Hamdani anashangaa, na mshangao huo ni muhimu. Unaonyesha kwamba huu ni ulimwengu wa watu, na kwamba paa ni mwujiza ndani yake. Paa anamtajirisha bwana wake na kumwoza binti wa sultani. Anapougua, bwana anamdharau, naye anakufa kwa uchungu. Mwishowe Hamdani anajikuta tena jaani. Msomaji akiuliza kwa nini utajiri wote ulitoweka, jibu limo katika kunena kwa paa: neema iliyoingia kwa neno la mnyama ilitoka neno hilo liliponyimwa jawabu.

Namna ya tatu inatoka katika dini. Katika Suratun-Namli ya Kurani Tukufu, Nabii Suleimani anafunzwa lugha ya ndege. Anamsikia mdudu chungu akiwaonya wenzake waingie majumbani mwao, naye anatabasamu. Kisha hudihudi anamletea habari za Malkia wa Saba. Hapa wanyama wananena daima. Ni sikio la mtu lililofunguliwa. Tofauti hii si ndogo. Katika ngano ya sungura, lugha imekopeshwa mnyama; katika kisa cha Suleimani, fahamu imekirimiwa mwanadamu.

Namna hizi tatu zimekaa pamoja katika masikio ya watu wa Kwale kwa muda mrefu, hasa tangu Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mtoto aliyesikia ngano usiku na kusoma chuoni asubuhi alipata wanyama wanenao kwa pande zote mbili. Hakukosa kuuliza kama ni walewale.

Swali la Tatu: Je, Huu si Uongo?

Swali hili lina uzito katika jamii inayouchukulia uongo kuwa dhambi, na historia ya istilahi inalidhihirisha. Neno hurafa, linalotumiwa na wahakiki kwa hadithi za wanyama, asili yake ni Kiarabu. Wapokezi wa Kiarabu walisimulia kwamba Khurafa alikuwa mtu wa kabila la Udhra aliyechukuliwa na majini, na aliporudi akahadithia aliyoyaona, watu wasimsadiki; tangu hapo jina lake likawa jina la kila simulizi lisilosadikika. Neno hilo, basi, limebeba shtaka ndani yake.

Ngano, kwa upande wake, ina kinga iliyojengwa mlangoni. Fanani anayeita “Paukwa!” na hadhira inayojibu “Pakawa!” wanafungishana mkataba: kuanzia hapa hadi mwisho, maneno hayatapimwa kwa mizani ya shahada. Aidha, kuiweka ngano hapo zamani za kale ni kuiondoa katika wakati ambao mtu angeweza kudaiwa ushahidi. Uongo ni neno linalotaka kusadikiwa kuwa kweli. Ngano hailitaki hilo, bali huomba kusikilizwa. Katika vitabu vingi vya shule, mwito huu umehifadhiwa kama fomula ya kukariri, lakini kazi yake haielezwi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujua kwamba ngano huanza hivyo, asijue ni kwa nini, kisha huuliza swali ambalo fomula ilikuwa imekwisha kulijibu.

Ni kwa mkataba huohuo swali jingine la kawaida linapata jibu: imekuwaje fisi aliyeuawa katika hadithi moja akawa hai katika ya pili, na simba aliyedanganywa jana akadanganyika tena leo? Msomaji aliyezoea riwaya hutaraji tarihi moja yenye mfululizo. Ngano haina tarihi. Kila “Paukwa” huuumba ulimwengu upya, na wanyama huingia wakiwa na tabia zao lakini bila ya kumbukumbu zao.

Swali la Nne: Sungura Yupi, na Ulimwengu Huu Uko Wapi?

Sungura wa ngano si yule anayefugwa kizimbani. Ni mnyama wa porini, mwenye masikio marefu na mbio, anayelala katika nyasi wazi. Kiswahili sanifu kinawaita wote wawili sungura, na kwa hiyo mtoto wa leo anamwona mjanja wa nyikani kwa sura ya mfugo wa nyumbani. Lahaja na lugha za pwani zilikuwa na utajiri zaidi: kitungule kwa upande wa Waswahili, na katsungula katika baadhi ya lugha za Kimijikenda, majina ambayo ni dhahiri yana udugu. Usanifishaji ulipompa mnyama jina moja, ulimpunguzia pia makao. Kazi kama Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004, ina thamani kwa mhakiki kwa sababu inarejesha majina, na pamoja na majina, wanyama.

Sungura huyu pia ni kielelezo cha jinsi pwani ilivyopokea mambo ya nje bila ya kupoteza lake. Katika Kalila wa Dimna, anayemvuta punda mara mbili kwa simba mgonjwa na kisha kumla moyo na masikio ni mbweha. Katika kisa cha punda wa dobi, ambacho kima anamhadithia papa akiwa salama mtini, kazi hiyo imekabidhiwa sungura. Kisa kilisafiri, lakini kilipofika kilimkuta mjanja wa nchi amekwisha kukaa kitini. Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameeleza jinsi watoto wa utoto wake walivyojitambulisha na sungura, mdogo asiye na nguvu lakini mwenye akili. Na walioteuliwa utumwani na kupelekwa Marekani walimhifadhi mjanja wa aina hiyohiyo, ambaye Joel Chandler Harris alimwingiza kitabuni mwaka 1880.

Kuhusu mahali, ngano haitoi ramani, lakini haielei hewani. Huko Diani, mbega weusi wenye mabega meupe bado wanakula majani katika mabaki ya msitu wa matumbawe, hatua chache kutoka ufuoni. Tangu mwaka 1997 limekuwapo shirika la kuwahifadhi, na madaraja ya kamba yametandazwa juu ya barabara ili wavuke salama. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, imehifadhi miti ambayo kwingineko imekatwa. Mahali ambapo mti huinamia bahari na kima akawa juu yake, ngano ya kima na papa haihitaji maelezo. Kinyume chake, palahala, ambaye katika Kenya nzima makao yake ni Milima ya Shimba, si mhusika mashuhuri katika ngano zilizochapishwa. Ngano si orodha ya wanyama wa nchi. Huwachagua wale ambao umbo na mwenendo wao vinazaa hoja.

Funzo na Kufungwa kwa Swali

Limebaki swali moja ambalo kwa kweli si la msomaji: “Hadithi hii inatufunza nini?” Hili ni swali la mhariri na mtahini. Kielelezo chake kilitoka katika hadithi za Esopo, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili katika enzi za misheni, ambazo desturi yake ni kubandika funzo mwishoni. Desturi hiyo ilihamishiwa katika ngano, na mitihani ya shule ikaikomaza.

Haidaiwi hapa kwamba ngano hazifunzi. Kinachodaiwa ni kwamba zinafunza kwa kuuliza. Kima anapokuwa juu ya mti, hamwambii papa funzo. Anamsimulia kisa cha punda, mnyama aliyekwisha kuiona hatari, akarudi kwayo. Simba anapouliza uko wapi moyo wa punda, sungura anamjibu kwa hoja kwamba mwenye moyo na masikio asingalirudi. Papa anaachwa majini kuamua mwenyewe ni nani katika kisa kile. Huu ndio ufundishaji wa fanani: swali limejibiwa kwa ngano, na ngano imeacha swali. Mhariri anayeandika chini yake kwamba tusiwaamini marafiki wabaya ameipokonya ngano kazi yake, na ameipotosha pia, kwa kuwa papa hakuwa tu rafiki mbaya. Alikuwa raia wa sultani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maswali ya kawaida ya msomaji juu ya wanyama wanenao yanaelekea kwenye viungo halisi vya utanzu: uhusiano wa ulimi na mwili, aina za kunena, mkataba wa fanani na hadhira, na mahali. Yamedokeza pia kwamba mengi yalizuka au yalizidi kuwa magumu kwa sababu za kihistoria, yaani ukusanyaji uliomwacha msikilizaji nje, usanifishaji uliopunguza majina, na mtihani uliolibadilisha swali kuwa funzo.

Kwa utafiti wa pwani ya kusini, matokeo yake ni bayana. Anayekwenda Msambweni, Kinondo au Vanga na kinasa sauti hana budi kuyaandika maswali ya watoto kwa uangalifu uleule anaoyaandikia maneno ya fanani, pamoja na jibu lililotolewa, au kicheko, au kimya. Katika kisa cha Goso, wote walioulizwa walijitetea kwa maneno, na paa peke yake alinyamaza. Kimya chake kikachukuliwa kuwa ungamo, akauawa. Mkusanyo usiokuwa na sauti ya hadhira umewaweka watoto wa Kwale mahali pa paa yule: wameonekana hawana la kusema, ilhali hawakuwahi kusikilizwa.